Mabasi ya usiku: Je, mwili wa dereva huzoea?

Na Mwandishi Wetu, Mafinga

TANGU Oktoba 1, 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa kusafiri saa 24 na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990, mji wa Mafinga umekuwa ukipitiwa na abiria katika saa ambazo awali zilikuwa za malori peke yake.

Basi linaloondoka Dar es Salaam saa 12:00 jioni kuelekea Mbeya hupanda Mlima Kitonga usiku wa manane na kufika Mafinga, wilayani Mufindi, kati ya saa 10:00 na 11:00 alfajiri. Kwa watu walio wengi, hizo ndizo saa ambazo joto la mwili huwa chini kabisa na usingizi ni mgumu kuushinda.

Watetezi wa safari hizo husema mwili huzoea. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kidogo.

Mwaka 1938, mtaalamu wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Nathaniel Kleitman, na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, walikaa siku 32 katika pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani, wakijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Richardson, aliyekuwa kijana, alionekana kuzoea. Kleitman, aliyekwishapita miaka 40, alishindwa. Mwili wake uliendelea na saa zake 24 kana kwamba analiona jua.

Mwaka 1999, watafiti wakiongozwa na Charles Czeisler wa Harvard walipima saa hiyo ya mwili na kukuta kwamba huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11, kwa vijana na wazee vilevile. Mwanga ndio huirekebisha kila siku ili iendane na jua.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mtanzania anayehamia Marekani husumbuka wiki moja au zaidi kidogo, kisha akazoea, kwa sababu mapambazuko na machweo ya huko nayo yanafuata saa za huko. Dereva wa usiku hana bahati hiyo. Mafinga iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na mchana mrefu wa Desemba huuzidi ule mfupi wa Juni kwa takriban saa moja tu. Kila asubuhi anaposhuka kwenye usukani, jua lilelile huuambia ubongo wake kuwa siku imeanza. Hulala mchana, lakini usingizi wake huwa mfupi na wa kukatikakatika.

Ni kweli kwamba watu hawafanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe wa bonde la Eyasi ulifuatilia watu wazima 33 kwa siku 20, ukakuta dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wapo wanaokesha kwa maumbile. Hata hivyo, kukawia kulala hakumfanyi mtu awe mnyama wa usiku.

Isitoshe, usiku si chanzo pekee cha maafa barabarani. Ajali ya Changarawe, jirani na Mafinga, iliyoua zaidi ya watu 40 Machi 11, 2015, ilitokea asubuhi, jua likiwa limekwishapanda.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua usiku kuwa ni kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na inamtaka mwajiri kumlipa mfanyakazi nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Nyongeza hiyo ni ya fedha, usingizi haumo. Kwa safari zinazozidi saa nane, masharti yanataka madereva wawili. Ni sharti zuri, ila linahesabu idadi ya saa bila kujali ni saa zipi.

Kwa basi lililoondoka Dar es Salaam saa 12:00 jioni, saa nane za dereva wa kwanza hukamilika saa 8:00 usiku, jirani na Kitonga. Wa pili huamshwa ndani ya basi lililokuwa likimtikisa tangu jioni, na kukabidhiwa usukani kabla akili haijachangamka, wakati saa ngumu kuliko zote ndiyo kwanza zinaanza.