Mazingira na Hiari: Dhidi ya Uhakiki Unaomfuta Mtu

Umezagaa mtindo katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili wa kumaliza kila mjadala kwa kauli moja: mhusika ni zao la mazingira yake. Rosa wa *Rosa Mistika* (1971) alipotoka kwa kuwa Zakaria alimchapa kwa ajili ya barua ya mvulana. Basi, kalamu inawekwa chini. Lakini ikiwa Rosa ni zao tu, Zakaria naye ni zao la nini? Wahakiki hawa hawafiki huko, maana wakifika itawabidi wamsamehe mlevi yule, ilhali Kezilahabi anawasimamisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu. Pasipo hiari, hukumu hiyo ni mchezo wa kuigiza.

Kinga yao ni Marx, aliyeandika mwaka 1859 kwamba maisha ya kijamii ya watu ndiyo yanayoamua fahamu zao. Kweli aliandika. Wanachokisahau ni kwamba mwaka 1845, katika hoja zake juu ya Feuerbach, alikumbusha kuwa mazingira nayo hubadilishwa na watu, na kwamba mlezi mwenyewe hana budi kulelewa.

Kesi inayowashinda kabisa ni ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa waraka *Kenya: Twendapi?*, na humo gerezani, akiwa ametengwa na wenziwe, akatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* juu ya karatasi za chooni. Gereza ni mazingira yaliyobuniwa makusudi ili kuvunja nia. Kwa mantiki ya “zao”, humo kingetoka kitubio. Lilitoka shairi “Siwati”, yaani siachi.

Atajitetea mhakiki kwamba Mombasa ndiyo iliyomlea: ukoo wa washairi, Kimvita, vina na mizani. Hilo halina ubishi. Ila Mombasa hiyo hiyo iliwalea pia walionyamaza, na lahaja haimwamuru mtu aseme nini. Mazingira yalimpa lugha, karatasi (na karatasi gani!) na swali. Jibu alilitoa mwenyewe, akiijua bei yake.

Kuisoma diwani hiyo kama mwangwi wa kuta ni kumpokonya mfungwa kile ambacho askari jela walishindwa kumpokonya. Ilichapishwa mwaka 1973. Mwaka 1974 ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.