Seva ya Pili Yaweza Kupatikana kwa Fedha Kidogo

Wasomaji, na ninyi wazee mliosoma hapa zamani, nina neno juu ya barua pepe za shule yetu. Muhula huu umeme ulikatika siku mbili, seva ikazimika, na mara wengi wakalia ya kwamba barua zote zimepotea, pamoja na majibu ya vyuo na habari za karo. Sasa wako wanaotaka michango ya wazee inunue mashine mpya ya thamani kubwa. Mimi sikubali.

Barua haipotei upesi hivyo. Kanuni ya SMTP, aliyoiandika Jonathan Postel mwaka 1982 na ambayo ilitengenezwa upya mwaka 2008, yamtaka apelekaye barua aiweke na kujaribu tena hata siku 4 au 5. Shida yetu hasa ni kusoma na kujibu. Chuo kitakacho jibu kabla ya Jumanne hakingoji umeme wetu.

Kompyuta moja ya zamani yatosha. Itiwe Linux na Postfix, ambazo ni za bure, nayo na seva kubwa zinakiliane masanduku ya barua kila dakika chache. Katika DNS, seva kubwa iandikwe MX namba 10, na hii ndogo namba 20: wapelekao hujaribu 10 kwanza, isipoitika huenda 20. Jina tulitumialo kusoma barua nalo lipewe muda mfupi, dakika 5 tu, ili ligeuzwe upesi.

Lakini kuweka zote mbili chumba kimoja, juu ya waya mmoja wa umeme, ni kazi bure! Hiyo ndogo ikae zahanati ya misioni, penye umeme wa jua na laini nyingine ya intaneti. Kwanza waulizwe wenye laini kama hawakufunga mlango namba 25, maana kampuni nyingi huufunga. Tena ipewe orodha yote ya majina yetu na chujio lile lile, kwa kuwa watumao takataka hupenda sana mlango wa nyuma.

Kisha kila muhula, Jumamosi moja mchana, fundi azime seva kubwa kwa saa nzima, tuone. Watakaonung'unika wanung'unike.

Wazee, fedha za mashine kaeni nazo. Tuleteeni betri moja nzuri, na mmoja wenu ajuaye DNS aje kutufundisha siku mbili.