Mpigaji Aliyeachiliwa: Je, Aokotwe?

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo linawafaa hata wasimamizi wa timu za besiboli kule Marekani, ambao kila msimu hukabiliwa na swali gumu: mpigaji wa ligi ndogo aliyeachiliwa na timu yake, je, aokotwe au aachwe apite? Msomaji huenda akauliza mhadhiri wa isimu ana lipi la kusema kuhusu mchezo usiochezwa sana hapa kwetu. Jibu langu ni kwamba swali lenyewe ni la kupima mtu kwa alama alizozipata mahali pengine, nasi walimu hulijibu kila tunapompokea mwanafunzi mgeni.

Kwanza, tuuelewe utaratibu. Ligi Kuu ya Besiboli ina timu 30, mojawapo ikiwa ya Toronto, Kanada. Kila timu ina orodha ya wachezaji 40, na katika hao, 26 ndio waundao kikosi cha ligi kuu kwa sehemu kubwa ya msimu. Timu itakayo kumtoa mtu katika orodha hiyo na kumshusha ligi ndogo aghalabu hulazimika kwanza kumweka hadharani, ili nyingine zote zipate fursa ya kumdai. Zikijitokeza zaidi ya moja, hupewa ile iliyo chini zaidi katika msimamo. Anayemchukua humchukua pamoja na mkataba wake, na ni sharti ampe nafasi katika orodha yake ya 40.

Hapo ndipo penye mwiba. Watetezi wa kuokota husema kuwa mchezaji wa namna hii hupatikana takribani bure, kwa hiyo hakuna hasara. Hoja hii ni dhaifu. Orodha ikiwa imejaa, kumwingiza mmoja ni kumtoa mwingine, na huyo atolewaye naye huwekwa hadharani, akaweza kwenda zake. Bei ya mpigaji mgeni, basi, ni yule kijana wa nyumbani aliyepisha.

Hoja ya pili ya watetezi ni alama. Husema: tazameni, mtu huyu amepiga vizuri mno katika ligi ndogo. Lakini alama hazijisemei zenyewe. Yapo majiji kama Albuquerque, lililo mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako timu za ligi ndogo huchezea. Mkenya aijuaye Eldoret hahitaji kuelezwa habari za hewa nyepesi. Hewa ile ile imchoshayo mkimbiaji mgeni huuachia mpira upigwao uende mbali kuliko ambavyo ungekwenda pwani. Hali kadhalika, umri una uzito wake. Mtu wa miaka 28 anayewashinda vijana wa miaka 22 ni kama mtahiniwa aliyerudia darasa mara tatu, kisha akawaongoza wadogo zake. Tumpongeze, lakini tusimwite bingwa kabla ya wakati.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Wanaopinga uokotaji kabisa hawana budi kukumbuka habari za José Bautista, mzaliwa wa Santo Domingo. Desemba 2003, Baltimore ilimtwaa kutoka Pittsburgh kwa kanuni iliyoilazimu kumweka katika kikosi cha ligi kuu msimu mzima. Mwezi Juni 2004 ikamwachilia, Tampa Bay ikamdai. Mwezi huo huo akauzwa Kansas City. Mwezi uliofuata akapelekwa timu ya Mets ya New York, nayo siku ile ile ikamrejesha Pittsburgh. Akiwa na umri wa miaka 23, alipitia mikono ya timu tano katika mwaka mmoja, na msimu huo hakuuvusha mpira nje ya ua hata mara moja.

Mwaka 2008 alihamia Toronto. Huko, makocha, akiwemo Dwayne Murphy, walifanya naye kazi ili aanze mwendo wa gongo lake mapema zaidi. Mwaka 2010 aliuvusha mpira nje ya ua mara 54, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia msimu huo.

Je, timu zile za 2004 zilikuwa na macho yasiyoona? Sidhani. Zilimpokea kijana aliyehitaji kucheza kila siku, nazo zikamkalisha benchi na kumpa mikoba afungashe. Tampa Bay haikukosea ilipomdai. Kosa, kama lipo, ni la kumchukua bila mpango wa kumfundisha.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu. Timu iliyo mkiani, isiyotarajia kombe mwaka huu, na imdai mpigaji huyo, mradi mambo matatu yatimie: awe na uwezo wa kuiacha mipira mibaya ipite, maana subira hiyo haitegemei mwinuko wa uwanja, awe bado anaweza kushushwa ligi ndogo bila kuwekwa hadharani upya, ili apate wakati, na awepo mwalimu anayejua ni kasoro gani hasa atairekebisha. Sharti la mwisho likikosekana, mawili ya kwanza hayafai kitu. Timu inayowania ubingwa, kwa upande wake, na ishike mbachao wake.

Nakiri kwamba wengi waokotwao hawawi Bautista. Wengi huachiliwa tena, wakasahaulika. Lakini kwetu sisi walimu, somo halibadiliki. Mwanafunzi aliyefukuzwa kwingine akibisha mlangoni, tusiishie kuuliza alipata alama ngapi. Tuulize alizipata wapi, nani alimfundisha, na je, sisi tunaye wa kumfundisha? Tukimpokea kwa ajili ya kujaza dawati tu, tutakuwa tumemfungasha safari nyingine.