Zebaki ya Jino na Zebaki ya Kikaango

Huku Mgololo aliyezibwa jino huambiwa kuwa amebeba sumu kinywani. Sikatai. Karibu nusu ya ule mchanganyiko wa rangi ya fedha ni zebaki, na mvuke wake kidogo hutoka mtu anapotafuna. Ndiyo maana mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ziliamua kuwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasizibwe kwa zebaki, ila daktari akiona hapana budi. Uamuzi huo ni wa haki.

Lakini kufukua jino lililozibwa vizuri, eti kwa hofu, ni kujitafutia mvuke mwingi zaidi.

Tena hofu yetu imebisha mlango usio wake. Kule Chunya, mkoani Mbeya, wachimbaji wadogo huchoma zebaki kwenye moto wa wazi ili wabaki na dhahabu, na moshi huo huvutwa na mama na mtoto. Enyi mnaotutisha kwa jino moja, mbona kikaango hicho hamkisemi? Wapeni wachimbaji vyombo vya kunasa mvuke kwanza, ndipo mje tukaguane vinywa.