Mazutu ao esanse: kabla ya kuchagua injini ya pikapu, angalia bidoni

Katika mji wa Butembo, mtu akishakusanya dola kwa miaka kadhaa kwa kuuza kakao, mbao ao vitunguu, ndoto inayofuata mara nyingi ni pikapu. Si gari ya kutembelea. Ni gari ya kupandisha mzigo mlimani, kwenda Kasindi na kurudi, kulipa deni na karo ya watoto. Akiwekwa mbele ya gari mbili zenye bei moja, moja ya mazutu na nyingine ya esanse, anauliza shemeji yake, fundi wa mtaa na chofere wa zamani. Wote watatu wanajibu mamoja: chukua mazutu, maana mazutu ina nguvu.

Jibu hilo si baya. Sababu yake ndiyo mbaya, na mtu anayenunua kwa sababu mbaya anaweza kununua gari isiyofaa hata kama ni ya mazutu.

Iangaliwe Land Cruiser ya mfululizo wa 70, pikapu ambayo watu wa mashariki ya Kongo wanaitambua kwa sauti kabla ya kuiona. Injini yake ya mazutu iliyozoeleka, ile inayoitwa 1HZ, ilianza kutengenezwa mwaka wa 1990. Ina silinda 6, ukubwa wa lita 4.2, haina turbo, na nguvu yake ni karibu farasi 130. Gari hiyohiyo imeuzwa pia na injini ya esanse ya V6, lita 4.0, yenye farasi karibu 230. Hata nguvu ya kuzungusha, ile mafundi wanayoiita kuple, ni kubwa zaidi kwa esanse: nyutoni-mita 360, na ya mazutu 285. Kwa hiyo anayesema mazutu ina nguvu zaidi, kwa gari hizi mbili, anapingana na karatasi ya kiwanda.

Tofauti iko mahali nguvu hiyo inapopatikana. 1HZ inatoa kuple yake yote ikizunguka mara 2,200 tu kwa dakika. Ile ya esanse inapaswa kufikishwa karibu mara 4,000. Kwenye mpando wa matope, na tani moja nyuma, chofere wa mazutu anaweka vitesi ya pili na kuiacha injini ivute polepole. Mwenzake wa esanse anakanyaga, injini inalia, magurudumu yanateleza, na mshale wa tangi unashuka.

Injini ya mazutu haina buji. Ile ya 1HZ inaibana hewa mpaka ujazo wake unapungua zaidi ya mara 20, hewa inakuwa moto sana, na mazutu ikirushwa ndani inawaka yenyewe. Injini ya esanse inabana karibu mara 10 tu, kisha buji inawasha. Kubana huko kukali ndiko kunakotoa kazi nyingi zaidi kwa mafuta yaleyale. Tena lita moja ya mazutu ina joto kuliko lita ya esanse, kwa asilimia 10 hadi 15.

Mfano wa hesabu unaonyesha jambo hilo vizuri kuliko maneno. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu 80. Kwenda na kurudi ni kilomita 268. Ikiwa pikapu ya mazutu yenye mzigo inakunywa lita 15 kwa kilomita 100, na ya esanse lita 21, tofauti kwa safari moja ni lita 16. Kwa safari tatu kwa wiki ni lita 48. Mwaka ukiisha, mwenye esanse amechoma zaidi ya lita 2,000 ambazo mwenzake hakuzichoma. Kwa kuwa bei za mazutu na esanse zinazowekwa na Wizara ya Uchumi kwa kila eneo la nchi huwa zinakaribiana, lita hizo ni pesa zilizotoka mfukoni.

Lakini gari hiyohiyo ikibaki mjini, ikipeleka simenti na magodoro kilomita 25 kwa siku, tofauti inakuwa lita 9 kwa wiki. Kwa mtu huyo, pesa atakayookoa kwenye mafuta inaweza kumezwa yote na pampu moja ya mazutu ikiharibika. Anaambiwa mazutu ni akiba kwa sababu ni akiba kwa wengine.

Mtego mkubwa uko kwenye gari za mazutu za kisasa. Butembo iko juu ya mita 1,700, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, iwe ya mazutu ao ya esanse. Turbo inasukuma hewa ndani na kuirudisha nguvu hiyo. Injini ya turbo ya lita 2.8 ambayo Toyota iliiweka kwenye Hilux tangu 2015, na baadaye kwenye Land Cruiser 70, siku hizi inafikia farasi 204 na nyutoni-mita 500. Kwenye karatasi kuple yake inazishinda zote mbili zilizotajwa hapo juu, na inakunywa kidogo. Nani asingeitamani?

Injini ya namna hiyo inarusha mazutu kwa presha ya zaidi ya bar 2,000, kupitia matundu membamba karibu kama unywele. Pampu yake haina oili nyingine. Mazutu yenyewe ndiyo inayolainisha vyuma vyake. Maji kidogo yakiingia, vyuma vinashika kutu. Mafuta ya taa yakichanganywa ndani, ulaini unapungua na vyuma vinasagana. Vumbi likipita filtri, injekta zinaanza kuvuja. Pampu ya 1HZ, iliyo ya chuma tupu bila kompyuta, nayo inateswa na mafuta mabaya, lakini inavumilia kwa muda mrefu, na fundi wa Lubero ao wa Oicha anaweza kuifungua na kuirudisha. Ile ya kisasa inadai mashine ya kusoma kompyuta, meza ya kupimia injekta, na vipuri ambavyo bei yake inaweza kumaliza faida ya miezi.

Na mafuta yenyewe yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa Beni na Butembo inaingia kwa malori ya sisterne kupitia Kasindi, ikitoka bandari za bahari ya Hindi. Tangu Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mazutu isipite sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kongo ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka wa 2022. Kwa hiyo lori linaweza kufika mpakani na mazutu safi. Shida inaanza pale mafuta yanapotoka kwenye sisterne kwenda kwenye pipa, kutoka pipa kwenda kwenye bidoni, na kutoka bidoni kwenda kwenye chupa ya Kadhafi kando ya barabara. Kila mkono unaopitia una nafasi ya kuongeza kitu.

Hili si jambo la kubuni. Kenya ilipoona watu wanachanganya mazutu na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa bei rahisi, mwezi wa Septemba 2018 iliweka kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Uganda inatia alama ya kikemia ndani ya mafuta, na wakaguzi wanapima vituoni kama yamechanganywa. (Anayevuka mpaka akumbuke pia kwamba kule petroli ni esanse. Huku kwetu petroli ni ya taa. Kosa la neno moja kituoni linaweza kuua injini.)

Kwa sababu hiyo, mwenye kununua pikapu ya kazi ajiulize kwanza: mafuta yangu nitayapata wapi? Anayejaza kwenye kituo kimoja kinachojulikana, karibu na nyumbani, anaweza kufikiria turbo. Anayefanya kazi Manguredjipa ao Biakato, ambako chupa na bidoni ndizo kituo, asidanganywe na farasi 204. Kwake injini ya zamani ya mazutu, dhaifu na yenye kelele, ni bora. Na kama pesa yake inatosha tu kununua turbo iliyochoka, iliyotoka Ulaya na kilomita zisizojulikana, basi pikapu ya esanse iliyo nzima ni afadhali, hata kama shemeji atacheka.

Kuna wanaoona huu ni mjadala wa watu wa garaji. Ni watu ambao hawajakwama njiani. Kati ya Beni na Kasindi magari yamekwisha kuchomwa moto na wasafiri kuuawa katika mashambulizi ya ADF, na kuna siku magari yalipita kwa msafara wenye kusindikizwa na askari. Injini ikizima mtaani, kijana anaitwa asukume. Ikizima huko, msafara unaweza kwenda na gari ikabaki. Abiria waliokaa juu ya magunia wanalipia uamuzi wa mwenye gari wasiyemjua, juu ya injekta wasizoziona.

Abiria hao wanaleta jambo lingine. Pikapu hizi zilitengenezwa kubeba karibu tani moja. Zinapakiwa mbili, na watu juu. Hakuna injini ya kuponya ugonjwa huo, kwa sababu ikishapandisha, breki ndizo zinazopaswa kushusha.

Esanse nayo ina sifa zake ambazo hazisemwi. Inawaka haraka asubuhi ya baridi. Buji zinabadilishwa na mtu yeyote mwenye ufunguo. Haina moshi mweusi unaoingia kwenye maduka na madarasa kando ya barabara. Na moshi wa mazutu, Shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliuweka mwezi wa Juni 2012 kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Hatari yake ni moto. Mvuke wa esanse unashika cheche hata katika baridi kali, wakati mazutu inapaswa kupashwa juu ya nyuzi 50 kabla mvuke wake kuwaka. Bidoni ya esanse ndani ya kabini, chofere akivuta sigara, ni bomu. Mwenye pikapu ya esanse anayetembea mbali akiba yake ikiwa ndani ya bidoni, karibu na watu, amechagua vibaya kabla ya kuhesabu lita.

Vijana wengi siku hizi wanapata mashauri kwenye video za Marekani, ambako Ford, Ram na Chevrolet zinauza pikapu nzito za aina zote mbili. Huko mjadala unahusu mtu anayevuta treila ya tani kadhaa kwenye lami, na swali ni kama anatembea vya kutosha ili arudishiwe maelfu ya dola anayoongeza kwa kuchukua mazutu. Ni swali zuri. Ila jibu la huko limejengwa juu ya mafuta safi kwenye kila kituo na fundi mwenye kompyuta katika kila mji. Ukiondoa hayo mawili, jibu linaanguka.

Hapo ndipo serikali inapoingia. Mradi wa barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua Mpondwe mwezi wa Juni 2021, ulikusudiwa kupunguza muda wa safari na kuvunjika kwa magari. Barabara nzuri italeta magari ya kisasa zaidi, na magari ya kisasa yanadai mafuta safi. OCC ina kazi ya kupima bidhaa zinazoingia nchini. Kupima sisterne mpakani peke yake hakutoshi. Wapime pia kwenye pampu za vituo, bila kutangaza siku, na waweke majibu ukutani ambapo mnunuzi anaweza kuyasoma, pamoja na jina la kituo. Wenye vituo waaminifu wangefurahi. Na FEC, inayokusanya wafanyabiashara hao, ingeweza kuanza kesho bila kungoja barua ya Kinshasa.

Wakati hayo yanangojewa, mwenye gari ya mazutu amwage maji ya chini ya filtri kila wiki, kila siku akitumia bidoni, na asafiri na filtri ya akiba. Mnunuzi naye asilipe kabla ya kuiona gari ikiwashwa ikiwa baridi, maana injini iliyochoka inaficha ugonjwa ikishapata moto. Akimkuta muuzaji amekwisha kuipasha, aseme asante, aende, arudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, aweke mkono juu ya injini kabla ya ufunguo kuzungushwa, kisha asimame nyuma na kuangalia rangi ya moshi.