Picha Haitoshi, Tulitunze Bonde
Ukivuka daraja la Mto Kilombero ukitokea Ifakara, utatamani kupiga picha: maji, ndege, milima ya Udzungwa kwa mbali. Piga. Kuvutiwa na kazi ya Mungu ni mwanzo wa kumsifu.

Lakini sheshe yuko wapi? Mnyama huyu wa jamii ya swala alijaa bondeni humu. Leo amepungua mno kwa ujangili, na kwa mifugo na mashamba yaliyoingia mbugani.

Mwanzo 2:15 inatukumbusha kuwa mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tumelima, kutunza je? Acha kununua nyamapori ya magendo. Usilime ndani ya mita 60 za mto, kama sheria inavyotaka. Vinginevyo wajukuu watamjua sheshe kwa picha tu.

Jumapili njema.