RELI HAIFI, HUUAWA!

Ndugu msomaji, ukimsikia kigogo anasema reli fulani "imejifia", muulize nani aliyeiua. Reli haiugui malaria. Hufa pale kalvati linapoziba asitumwe mtu kulizibua, taruma linapooza lisibadilishwe, na mwishowe treni ya abiria inapofutwa kimya kimya.

Tazama reli yetu ya kaskazini. Mjerumani alianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwingereza akaifikisha Arusha mwaka 1929. Waliitaka kwa ajili ya katani na kahawa, lakini mlalahoi naye alipata pa kukaa, daraja la tatu. Sisi tuliojitawala ndio tuliomshusha! Treni ya abiria ikatoweka kwa zaidi ya miaka ishirini, nyasi zikaota relini, mwananchi akaachiwa basi na nauli zake za Desemba.

Halafu ikawaje? Desemba 2019 treni ya abiria ikaingia tena Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Njia ni ile ile ya mkoloni. Kumbe "maiti" alikuwa anapumua! Kilichokosekana miaka yote hiyo ni uamuzi.

Sasa tuulizane: kama ya Arusha iliwezekana, ya Kahe hadi Taveta imekosa nini? Tawi hilo Waingereza walilijenga kutoka Voi, kwa ajili ya jeshi lao, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likaungana na reli yetu pale Kahe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983. Jumuiya mpya ikazaliwa mwaka 2000, na wakubwa wanakutana Arusha kuhubiri ushirikiano. Lakini mama anayepeleka ndizi Taveta hana treni, ingawa kule Voi Wakenya wana stesheni ya reli mpya tangu 2017. Ushirikiano gani huo usiombeba mchuuzi?

Hatuikatai treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Ni mali yetu, na deni lake tutalilipa sote. Tunachokataa ni kuifanya sanda ya kuzikia reli za zamani. Nchi haina watu wa Dar es Salaam na Dodoma peke yao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikae kimya. Mbunge wako akija na kanga na kofia zake, muulize mambo matatu. Treni ya abiria Kahe–Taveta, lini? Bajeti imetenga shilingi ngapi za kutunza reli ya zamani? Na nani wanajenga ndani ya eneo la reli, kwa kibali cha nani?

Akikujibu kwamba "suala linafanyiwa upembuzi yakinifu", usibishane naye. Likumbuke jina lake, mkutane kwenye sanduku la kura.